Programu Ngeni Ofisini

Katika ofisi ya mizigo kule Sanyuanli, China, Tahir ndiye aliyetunza kompyuta. Picha za pasipoti za wateja zilipoanza kuvuja, alikuta kwenye kompyuta ya ofisi, iliyotumia mfumo wa Linux, programu asiyoifahamu iliyokuwa ikizituma nje. Bosi, mama wa Kizanzibari, alimtuhumu karani wa Kikongo, akamfukuza kazi. Tahir hakumtetea.

Sasa karani alikuwa anafungasha vitu vyake, naye Tahir akitafuta programu ile ilitokea wapi.

Haikutoka kwenye chanzo rasmi. Iliingia pamoja na programu ya printa ya lebo, iliyopakuliwa kwenye tovuti ya ovyo siku printa ilipogoma na wateja wamejaa hadi kwenye lifti. Kompyuta ilikuwa imehifadhi jina la aliyeiingiza: Tahir.

Alilisoma mara mbili.

"Kaka Tahir, mi naenda," karani alisema mlangoni. "Merci kwa kunifundisha kazi. Ile machine mi sikuigusa, Mungu anajua."

"Haya, nenda salama," bosi alijibu bila kumtazama. "Tahir, umeona imetoka wapi?"

Angeweza kulifuta jina lile. Aligeuza skrini kumwelekea bosi, karani akiwa bado mlangoni.

"Mama, hebu soma hapa kwa sauti."