Kiganja cha Kyalo

Meza ya mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta ilisogea polepole kama konokono. Kyalo aliiwekea kiganja cha kulia, na kwa mkono wa kushoto akazungusha skrubu ya kutuliza mota, mpaka kiganja kikaacha kusikia mtetemo.

"Imetulia," akamwambia opareta. "Funga chuma, ukate."

Opareta hakufunga chuma. Aliweka kikombe chake cha bati juu ya meza, na chai ikaanza kutetemeka.

Kyalo alirudisha kiganja mezani. Hakusikia kitu. Kiwanda kizima hapo Thika kilitegemea mkono huo.

Akakishika kikombe kwa mkono huohuo, akakizungushia vidole vyote.

"Kyalo, wacha hiyo! Si imetoka jikoni saa hii? Utaungua!"

Kyalo akaendelea kungoja moto ufike.