Sharti la Mwisho la Mzee Salehe

Mzee Salehe alikisoma kikadi kwa mara nyingine, akakirudisha mezani kwa kidole kimoja na kusema programu ni nzuri, nzuri sana, ila kuna kajambo kamoja kamebaki.

Savita alivuta pumzi. Kajambo kamoja kalikuwepo Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake pia. Kila wiki alipanda basi kutoka Shinyanga hadi Kahama akiamini kwamba safari hii huyu mwenye duka la vipuri vya baiskeli ataikubali programu yake ya kompyuta ya kuhesabia mali ya duka, na kila wiki alirudi nyumbani na kazi mpya.

Hakuwa na wa kumlaumu, maana utaratibu ulikuwa wake mwenyewe. Alikuja nao kutoka Nairobi, alikomaliza masomo mwaka huo wa 1999, na aliujivunia kuliko hata cheti. Mteja haandikiwi programu kwa kukisia. Anasimulia, nawe unaandika kwenye kikadi: yeye ni nani, anataka nini, na anakitaka ili iweje. Nyuma ya kikadi yanaandikwa masharti. Yakitimia yote, mteja anaweka sahihi, kazi imekwisha. Mwalimu wake alisema masharti huwa hayazidi matatu kwa kila kikadi. Mwalimu huyo hakuwahi kufika Kahama.

Na muda ulikuwa unakwisha. Baba yao alikuwa amewaazima, yeye na kaka yake Rushabh, chumba kilichokuwa nyuma ya duka lake la vitenge. Ikipita Diwali hawajauza programu hata moja, chumba kinarudi kuwa stoo na Savita anarudi kaunta kupima vitambaa. Kaunta aliichukia kwa moyo wake wote.

Mpango ulikuwa wa Rushabh. Mzee Salehe apewe bure, awe wa kwanza, kwa sababu mjini pale akikisifia kitu wote wanakitaka. Kisha wangewauzia wengine wenye kompyuta, kuanzia duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na la Mzee. Rushabh alitaka waanze kuuza mara moja. Savita alikataa katakata. Programu ambayo mteja wa kwanza hajaikubali haiuzwi, alisema, na hapo hakukuwa na mjadala.

Kwa hiyo alichukua kikadi kipya, akamwomba Mzee asimulie.

Masharti ya mwanzo, ya wiki zile za nyuma, yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Matairi yakikaribia kwisha, mashine iseme. Halafu Mzee akaanza kunogewa. Alitaka ijulikane kila kipuri kimelala chumba gani, kimeingia lini na kitatoka lini. Savita alipouliza kama na pedeli hulala vyumbani, alijibiwa kwa upole kwamba mtu mzima mwenye stoo tatu husahau. Wiki iliyofuata akataka bidhaa zipangwe kwa madaraja na kupimwa kwa kilo. Savita alinung'unika, akafanya. Tena kila Jumamosi diski za programu za wiki iliyopita zilikuwa zimeliwa na vumbi, naye alimwachia nyingine mbili tatu, akimwonea huruma.

"Sasa," alisema Mzee Salehe, "nataka inionyeshe kila kitu kitaharibika tarehe ngapi."

Savita aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, baiskeli inaharibika tarehe ngapi?"

"Gundi ya kuzibia pancha inakauka, mwanangu. Nikimuuzia mtu iliyokauka, atamlaumu nani, mimi au wewe?"

Savita aliiokota kalamu. Aliandika. Kisha akauliza, kama utaratibu unavyotaka, anayetaka jambo hili amwandike nani: muuza vipuri au mwenye duka?

"Andika mfanyabiashara wa Kahama," alisema Mzee. "Mimi sipendi makuu."

Wiki nzima Rushabh alimcheka dada yake. Alimwuliza kama gundi ya pancha nayo ina sikukuu ya kuzaliwa. Savita alimtetea mzee wa watu. Alisema mteja anayejua anachotaka ni baraka, na usiku akaamka kurekebisha tarehe.

Jumamosi Diwali ilikuwa imeshapiga hodi. Savita aliingia dukani, akatoa shikamoo yake, akapokea marahaba, akaiwasha mashine. Mzee Salehe alivaa miwani. Alijaribu gundi, akajaribu vyumba, akajaribu madaraja na kilo. Hakusema kuna kajambo. Alichukua kalamu akaweka sahihi taratibu, jina lake na la baba yake.

"Umenisikiliza, mwanangu," alisema. "Vijana wa siku hizi hawasikilizi."

Savita nusura alie. Alimshukuru akimshika mkono kwa mikono miwili, akampa diski za mwisho, akavuka barabara karibu akikimbia, kikadi chenye sahihi mkononi. Rushabh angempongeza baadaye. Mteja wa kwanza wa kulipa alitaka ampate yeye mwenyewe.

Duka la dawa lilikuwa tulivu. Muuzaji, dada mmoja aitwaye Paskazia, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Savita alisalimia, akafungua mdomo kujieleza, kisha akaona kwenye kioo ile mistari ya kijani ya programu yake, aliyoichagua yeye mwenyewe.

Paskazia alimsogezea kiti kwa furaha. "Karibu, dada. Si wewe ndiye fundi wa Mzee Salehe? Alituambia tarehe za dawa unazimaliza leo. Wa gesti umeshamtimizia vyumba vyake na wa tumbaku madaraja na kilo zake, basi na mimi nina langu moja, tena afadhali niliseme sasa hivi, maana Jumatatu Mzee anakwenda kuiuza programu yake Geita."