Kikombe cha Bi Salme

Tangu apone homa, Mbaruku hakusikia tena ladha ya kitu chochote, na pale mkahawani alikofanya kazi hakumwambia mtu. Asubuhi ile aliisaga kahawa, akaishindilia, akaitazama ikichuruzika nyeusi kikombeni. Bi Salme, mteja wake wa miaka mingi, alionja akakunja uso.

"Mbaruku mwanangu, bei mmepandisha, halafu mnanipa shubiri?"

"Samahani, mama. Nakutengenezea nyingine."

Akalegeza kinu ili unga usiwe laini mno, akatengeneza upya, akaonja kwanza mwenyewe. Ulimini alihisi joto tu.

"Hiyo je?"

"Hii iko sawa," alisema, akamsogezea.

Bi Salme akakiinua kikombe mdomoni, naye Mbaruku akashikilia ukingo wa meza.