Maumivu Yake Mwenyewe

Kabla ya kupasuliwa goti, Kitwana alimshika daktari mkono.

"Dawa ya maumivu ya morfini usinipe, daktari. Nilikuwa mtu wa unga. Nikiionja tu, nimekwisha."

Mkewe, Mashavu, akainamisha kichwa. Hakuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo mbele ya mgeni.

Daktari hakushtuka. "Ziko njia nyingine, kaka. Tutautia mguu ganzi kwa sindano, kisha vidonge vya kawaida na barafu. Maumivu hayataisha yote, lakini utayaweza."

Jioni ganzi ilipoanza kuachia, goti lilimpwita kama jipu lililoiva. Mashavu akaliwekea mfuko wa barafu, akampa vidonge vyake, akamsimulia vituko vya majirani mpaka akacheka huku machozi yanamtoka.

"Bado linauma?"

"Linauma sana," alisema Kitwana, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Lakini anayeumia ni mimi mwenyewe, mama. Nipo."

Asubuhi nesi alimletea magongo. Kitwana akaushusha mguu taratibu kutoka kitandani, akaikanyaga sakafu ya baridi, na Mashavu akarudi nyuma kidogo kumpisha.