Wote Tumeshapanda

Enzi zile ndege walipokuwa mafundi, Hondohondo mjane aliwakandikia majirani nyumba katika matundu ya mivule. Mivule ilipokwisha ukabaki mmoja, alikataa ujira. "Niliyemjengea," alisema, "kesho aje tupande mvule."

Asubuhi alingoja peke yake kando ya mashimo, miche ikinyauka. Mara akasikia kicheko. Majirani wote walikuwa matawini mwa mvule uliobaki.

"Fundi, sisi tumeshapanda!" Tumbili aliita. "Mbona wewe ungali chini?"

"Kupanda ardhini, ndugu yangu."

"Ardhi haipandwi, bwana, hukanyagwa!"

Wakacheka wakirukaruka, hata mvule mkongwe ukang'oka na nyumba zao. Wakahama bila kuaga.

Hondohondo akaifukia mizizi ya miche mashimoni. Jua lilipowaka, akaukinga mmoja kwa bawa lake, maana kivuli kingine hakikuwapo.