Mtoto Aliyetetemeka Mchana

Watu wa kale walipohama kufuata mvua, miili yao ilichukua maelfu ya miaka kuzoea nchi mpya. Sasa sheria haisubiri. Kila mimba hurekebishwa, na mtoto huzaliwa na mwili unaofaa hali ya hewa ya mahali atakapoishi ukubwani. Serikali haitangazi mahali hapo. Wazazi hupajua kwa kumtazama mtoto.

Mjini Lodwar, penye joto kali, watoto walizaliwa na miili ya nchi za baridi. Walilia kwa joto, wakalazwa kwenye mabeseni ya maji, huku mama zao wakifuma sweta za safari ya kaskazini ya mbali.

Mwana wa Nakiru alitetemeka juani. Nakiru alidhani ni malaria, akamkimbiza zahanati.

"Hana malaria," alisema muuguzi.

"Pima tena, dada. Tazama midomo yake!"

"Nimeshapima tena. Ni mzima, mama. Anasikia baridi tu."

Asinyen, jirani yake aliyemsindikiza, aliangua kicheko. "Baridi, Lodwar hii? Basi umezaa kaa la moto!" Kisha akakumbuka sheria, akamfunika mtoto kwa kanga yake.

"Amepangiwa wapi?" Nakiru aliuliza.

"Huko watu wanakohamia hakuna palipo na joto kuliko hapa," alijibu muuguzi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ninyi hamhami. Atakapokuwa mtu mzima, hapa patakuwa na joto kuliko leo."

Muuguzi aliwasha jiko la makaa, akalisogeza karibu. Mtoto alitulia, akaanza kunyonya. Tone la jasho la mama yake likamwangukia shavuni, naye akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya barafu.