Kitambaa cha Kaniki

Kila mchana, kabla hawajavuka njia ya askari, Loisi alimfunga binti yake mdomo kwa kitambaa cha kaniki.

Alikaza fundo kisogoni, akamshika mkono, wakapita mbele ya kambi wameinamisha nyuso kama watu watokao msibani. Aliyeuliza aliambiwa: jino.

"Mbukwa, mama Lydia," alisalimu Mwajabu, mjane wa Kirangi aliyekimbia vita Kondoa, sasa akiuza chumvi njiani. "Jino gani hilo, halipoi wala haling'oki?"

"La utoto, dada."

"Haya. Mimi Hasani wangu simpeleki huko kwenye majino. Mwalimu asiyetaka hata yai? Lo! Nimezaliwa na wachuuzi, bibi. Cha bure nakigeuza mara mbili kabla sijakitia kapuni."

Loisi alikaza mwendo. Mwajabu angeweza kucheka. Hakuwa na mume wa kuficha.

Mwaka ule Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Kondoa, na Mjerumani alikuwa kama nyuki aliyetiwa moshi. Wamisionari wa upande wa Mvumi, kwa kuwa ni Waingereza, walikamatwa. Walimu wao wakafungwa kamba shingoni, wakaswagwa kwenda Tabora. Aliyesikika akitamka neno la Kiingereza alikuwa jasusi. Wanaume waliosalia walizolewa kubeba mizigo ya vita, na aliyebebeshwa hakurudi. Petro, mumewe Loisi, alilala korongoni, ndani ya shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, mdomo wa shimo umezibwa kwa miiba.

Mwalimu Yotham peke yake alibaki. Watu walisema maombi yake yana nguvu. Alikusanya watoto wachache ndani ya tembe lililohamwa, akawafundisha Kiingereza kwa kunong'ona.

"Wenyewe wako njiani," aliwaambia akina mama. "Wakifika, mtoto anayejua kusema nao ndiye atakayeiponya nyumba yake."

Basi mama gani angekataa?

Na alifundisha vizuri, hilo lisemwe. Leo "mama yangu", kesho "ana", keshokutwa "yuko wapi". Kila mtoto alisimama, mikono nyuma, akatunga sentensi ya kwao.

"Ya kweli," alisisitiza Yotham. "Ya uongo haikai kichwani. Na ya jana sitaki. Nipeni ya leo: nani yuko wapi, nani ana nini."

Lydia, na mapengo yake ya mbele, alikuwa wa kwanza daima. Jioni alimsomea mama yake kwa Kiingereza, kisha akamfasiria: mama yangu ana mbuzi wawili, babu yangu yuko Makutupora. Loisi alicheka kwa fahari, halafu hofu ikamrudia.

"Nisikilize, mwanangu. Ulimi hauna mfupa. Kiingereza ni cha mwalimu peke yake. Yeye akiuliza, jibu upesi, tena kweli, usinitie aibu. Mwingine yeyote, awe mweusi, awe mweupe, akuulize kwa lugha yoyote, hata akuchape, wewe bubu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Na wewe ukiniuliza?"

"Hata mimi. Bubu."

Mtoto akaziba mdomo kwa viganja viwili, akacheka.

Kipupwe kilipokaza, Petro alianza kukohoa ndani ya shimo. Mwajabu, yule yule wa mizaha, ndiye aliyemvuta Loisi pembeni. "Mlete kwangu. Nani atatafuta mwanamume kwa mjane?" Alfajiri Petro akaingia nyumbani kwa Mwajabu, akalazwa nyuma ya magunia ya chumvi. Kulipokucha Lydia alimpelekea uji.

Jua halijafika utosini, askari wakaja. Hawakubisha hodi popote. Walikwenda moja kwa moja korongoni, wakaing'oa miiba, wakatumbukiza bunduki ndani ya shimo la mhanga. Tupu. Loisi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nani aliwaonyesha?

Mzungu wao aliamuru watu wote wakae chini uwanjani. Askari mmoja akamnyakua Lydia.

"Baba yako yuko wapi?"

Bubu.

Kiboko kikalia mgongoni. Mtoto akapiga yowe, lakini neno halikutoka. Kikalia tena. Mwajabu, aliyekaa karibu na Loisi, alimkamata mkono akaubana mpaka kucha zikazama.

"Baba yako yuko wapi, we mtoto?"

Lydia alilia hadi kwikwi, akamtazama mama yake, akatikisa kichwa. Na Loisi, Mungu amsamehe, katikati ya uchungu ule aliona fahari. Mwanawe alikuwa jiwe. Hao watachoka, watakwenda zao.

Mzungu alichoka kweli. Aligeuza kichwa, akaita mtu aliyekuwa nyuma ya askari.

Akatokea Mwalimu Yotham. Moyo wa Loisi ulipasuka: naye wamempata! Akaitazama shingo yake, akitafuta kamba.

Haikuwepo.

Yotham alikichukua kile kitambaa cha kaniki mkononi mwa Loisi, akachuchumaa, akamfuta mtoto machozi taratibu. Vidole vyake bado vilikuwa na vumbi la chaki.

"Simama vizuri, Lydia," alisema. Kisha akamuuliza swali lile lile kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya darasani.

Lydia alivuta kamasi, akaweka mikono nyuma, akajibu upesi, tena kweli.